Mahali Palipotulia

Ninyi mlio na Biblia karibu, fungueni Injili ya Luka, sura ya 13, kifungu cha 1 hadi cha 5. Kisha wekeni alama katika kitabu cha Yona, sura ya kwanza, kwa maana tutafika huko kabla mazungumzo yetu hayajaisha.

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya mawimbi ya maji. Huenda mtu akauliza, "Mawimbi yana nini na mahubiri?" Tunamwomba atuvumilie. Katika mtaa wetu, kutoyajua mawimbi kulituondolea kijana mmoja, na ilibaki kidogo tu kutuondolee na mwanamke mzee mmoja.

Sisi ni watu wa Marafa. Wageni huja kwetu kutazama lile korongo la Nyari, lenye kuta nyekundu na nyeupe. Jina lake katika Kigiriama lasemekana kuwa ni mahali palipovunjika penyewe. Watasimuliwa hadithi ya watu matajiri walioogea maziwa, Mungu akawaadhibu na ardhi ikawameza. Hadithi hiyo ina mafundisho yake. Lakini kila masika sisi wenyewe twaona kwa macho maji ya mvua yakikata ukuta na kuchukua mchanga. Maji twayajua hivyo, ya mvua na ya silanga. Bahari haiko mbali nasi, lakini watoto wetu wengi hukua bila kuigusa.

Miaka michache iliyopita, katika likizo ya mwezi wa Agosti, vijana wetu zaidi ya 30 walisafiri kwenda Malindi. Tuliwaombea asubuhi mbele ya kanisa, wakapanda basi wakiimba. Walivuka daraja la Sabaki, wakashuka kwenye ufuo ulio upande wa kaskazini wa mji. Ilikuwa kusi. Mawimbi yalikuwa yakija safu kwa safu, yakivunjika na kutoa povu, na wengi wakaogopa kuingia.

Ndipo kijana mmoja, mwenye umri wa miaka 17, alipoona mahali palipotulia. Kuume mawimbi yalivunjika, kushoto yalivunjika, lakini hapo katikati palikuwa shwari, na rangi ya maji ilikuwa nzito kidogo. Akawaambia wenzake, "Hapa ndipo pazuri." Alikuwa hodari wa kuogelea katika silanga. Akaingia wa kwanza. Maji yalipomfika kifuani, akaanza kwenda. Hakuzama, alikwenda tu, kama mtu aliyesimama juu ya mkeka unaovutwa. Akageuka, akapiga maji kwa nguvu zake zote aelekee nchi kavu, na kadiri alivyopiga ndivyo alivyozidi kuwa mbali. Wavuvi waliingiza chombo, lakini walifika wakiwa wamechelewa. Mwili wake ulipatikana kesho yake.

Katika siku za matanga, maneno yakaanza. Yalianza kwa kunong'ona, kama kawaida yake. Watu walisema: "Kijana alikuwa hodari. Mahali penyewe palikuwa pametulia. Hakuna wimbi lililompiga. Wenzake wote wamerudi. Basi ni nani aliyemvuta?" Na jibu lilikuwa tayari. Palikuwa na mjane mzee wa ukoo huo, mwenye mvi kichwa kizima, aliyekuwa na ugomvi na baba wa kijana juu ya kipande cha shamba.

Wapendwa, sisi wa Kilifi hatuhitaji kuambiwa maneno ya namna hiyo huishia wapi. Wazee wetu wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi. Na mara nyingi ukilichimba hilo neno "uchawi", chini yake unakuta shamba.

Hapa inatubidi kuungama. Tuliwaombea vijana wetu safari, lakini hatukumwuliza mtu yeyote habari za ufuo waliokuwa wakiendea. Tulifunga macho kuomba, na tulipomaliza kuomba hatukuyafungua. Kwa hiyo kabla ya kusimama mimbarani na kuwakemea watu, tuliona yafaa turudi kwanza Malindi.

Tulimkuta mzee mmoja mvuvi akishona nyavu. Tukamwamkia na kumweleza habari yetu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Padri, poleni sana. Hapo panapotulia ndipo maji yanaporudia. Watoto wa huku wanajua. Watoto wenu hawakuambiwa?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tuliporudi nyumbani tuliuliza na kusoma, na Jumamosi moja tukawaita wazee, akina mama na vijana katika kiwanja cha kanisa. Baba wa marehemu alikuja pia, akaketi nyuma. Yale tuliyoyaonyesha siku ile twataka kuwaeleza ninyi leo, nanyi mwaweza kuyajaribu nyumbani.

Kwanza, chukueni karai pana, mjaze maji, myaache yatulie. Wekeni jani la mwarobaini juu yake. Kisha dondosheni tone moja la maji kando ya karai. Mtaona duara zikitoka pale tone lilipoanguka na kwenda hadi ukingoni. Sasa litazameni jani. Linapanda, linashuka, linapanda tena. Lakini halikwenda ukingoni pamoja na zile duara. Limebaki karibu pale pale.

Basi, hilo ndilo jambo la kwanza la kujua. Wimbi husafiri, lakini maji hayasafiri nalo. Kinachosafiri ni nguvu. Tone la maji hupokea msukumo, likampa jirani yake, na jirani akampa wa mbele yake, kama watu waliopanga mstari wakipokezana matofali ya kujengea kanisa. Tofali linafika mwisho wa mstari, lakini kila mtu amesimama mahali pake. Huko baharini penye kina, kila chembe ya maji huzunguka mfano wa gurudumu: hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka, hurudi nyuma. Na kadiri unavyozama chini, gurudumu hilo huwa dogo. Ikiwa kutoka kichwa cha wimbi moja hadi kichwa cha wimbi la pili ni mita 40, basi ukishuka mita 20 utakuta maji karibu yametulia kabisa.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwa upepo. Upepo hugusa uso wa maji na kufanya vikunjo vidogo. Vikunjo hivyo humpa upepo mahali pa kushika, naye husukuma zaidi. Upepo ukiwa mkali, ukivuma muda mrefu, na ukiwa na nafasi pana ya maji, mawimbi huwa makubwa. Ndiyo maana silanga yetu haina mawimbi ya kutisha: ni ndogo mno. Lakini upepo wa kusi una Bahari ya Hindi nzima ya kuchezea. Tena mawimbi yakisha kuzaliwa hayamhitaji tena mzazi wake. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Munk, pamoja na wenzake, walipima mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini karibu na Antaktika, wakayafuata katika Bahari ya Pasifiki hadi Alaska, safari ya zaidi ya kilomita 10,000. Kwa hiyo wimbi linalovunjika Malindi mchana usio na upepo laweza kuwa limezaliwa mbali sana, siku nyingi zilizopita. Halikutumwa na mtu wa kijiji chetu.

Jambo la pili. Wimbi likikaribia nchi kavu, kina hupungua, nalo huanza kupunguza mwendo. Katika maji ya mita 4 wimbi huenda kiasi cha mita 6 kwa sekunde. Katika maji ya mita 1 huenda kama mita 3 tu. Walio nyuma bado wanakuja mbio, walio mbele wanapunguza mwendo. Mmewaona ng'ombe wakifika kwenye mlango wa zizi? Husongamana. Mawimbi nayo husongamana, yakainuka. Kisha kimo cha wimbi kinapokaribia kulingana na kina cha maji yaliyo chini yake, haliwezi tena kusimama. Kichwa huanguka mbele, likavunjika na kutoa povu.

Sikilizeni vema hapa, maana hapa mambo hubadilika. Wimbi likisha kuvunjika, maji sasa yanasafiri kweli. Hutupwa kuelekea nchi kavu. Na maji si mepesi: meta moja ya maji ya bahari, upana, urefu na kina, hupita uzito wa kilo 1,000. Wimbi moja, la pili, la mia, yote hurundika maji ufuoni. Maji hayo lazima yarudi. Yatarudi wapi? Kule kwenye mafungu ya mchanga mawimbi yanayovunjika huyazuia. Basi hutafuta mahali penye mfereji, penye kina zaidi, nayo hupita hapo kwa pamoja kurudi baharini. Na kwa kuwa hapo pana kina, mawimbi hayavunjiki hapo. Hakuna povu. Panaonekana pametulia.

Siku ile kiwanjani tulichukua bati, tukaliinua upande mmoja, tukaweka juu yake matuta mawili ya mchanga yenye nafasi kati yake. Tukaweka jani la mwarobaini upande wa juu, nyuma ya matuta. Kisha mama mmoja akamimina maji hapo juu, polepole. Maji yalijaa nyuma ya matuta, yakaenda kando, yakakuta ile nafasi, yakatoka kwa kasi. Jani lilitoka nayo. Lile jani ambalo ndani ya karai halikwenda popote, sasa lilipita katikati ya matuta mawili likaanguka chini.

Watu walinyamaza. Baba wa marehemu akainuka kule nyuma, akaja mbele, akasema, "Mimineni tena." Yule mama akamimina tena. Akatazama jani likipita. Akarudi kuketi, wala hakusema neno.

Wapenzi wasikilizaji, mkondo wa namna hiyo, ukiwa mkali, waweza kupita mita 2 kwa sekunde. Waogeleaji hodari kuliko wote duniani, wakishindana mita 100, huenda kidogo tu zaidi ya mwendo huo, na hawawezi kuudumisha kwa dakika nyingi. Kijana wetu alishindana na maji yaliyokuwa yakirudi kwao. Hakuna mkono uliomvuta. Na kama angaliambiwa maneno machache, huenda leo angalikuwa hai. Maneno yenyewe ni haya, nasi twawasihi myaandike. Usiingie baharini peke yako, wala mahali ambapo wenyeji hawaogi. Penye mstari wa mawimbi yanayovunjika, usichague ile nafasi isiyo na povu. Mkondo ukikuchukua, usipigane nao ukielekea pwani moja kwa moja. Hauvuti chini, huchukua mbele tu, na baada ya kupita mawimbi yanayovunjika hulegea. Elea, inua mkono, ita. Ukiwa na nguvu, ogelea kwa kando, sambamba na ufuo, mpaka utoke katika njia yake, ndipo urudi mahali ambapo mawimbi yanavunjika, kwa kuwa huko maji yanaelekea nchi kavu. Nawe uliye nje, usijitupe bila kitu cha kuelea. Mrushie dumu tupu lililofungwa vizuri, na uwaite wenye chombo.

Tulipomaliza, mzee mmoja akasimama. Alisema, "Kasisi, habari za maji tumeelewa. Lakini vijana walikuwa zaidi ya 30. Kwa nini yeye?" Hilo ni swali la haki, wala bati na mchanga haviwezi kulijibu. Tulimjibu kwanza kile tulichokijua: alikuwa jasiri kuliko wenzake, akaingia wa kwanza, na hapakuwa na mtu mzima aliyejua wa kumzuia. Hiyo ilikuwa kazi yetu sisi, nasi hatukuifanya. Kisha tukafungua Luka 13. Watu walimletea Bwana habari za vifo. Naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Je, aliwatafutia mchawi? Hakuwatafutia. Je, alisema waliokufa walikuwa waovu kuliko jirani zao? Alikataa. Aliugeuza uso wa kila msikilizaji ujitazame wenyewe, ukatubu. Msiba ulipokuja, Bwana wetu hakumpa mtu ruhusa ya kunyosha kidole.

Mzee yule alikuwa msomaji mzuri wa Maandiko. Akauliza tena, "Na mabaharia wa Yona je? Hawakupiga kura wamjue aliyeleta dhoruba?" Ndugu zangu, tulifurahi kwa swali hilo, kwa maana wengi hulisoma neno hilo nusu. Isomeni sura yote. Yona mwenyewe alikiri. Na hata baada ya kukiri kwake, hata baada ya yeye mwenyewe kuwaambia wamtupe, wale mabaharia, watu wasiomjua Mungu wa Israeli, waliinama kwenye makasia yao wakajitahidi kurudi nchi kavu ili wamwokoe. Waliiogopa damu isiyo na hatia. Sisi tuliobatizwa twataka kumtupa mtu ambaye hakukiri neno lolote, wala hajapigiwa kura, ila ana mvi na ana shamba?

Tena ikumbukeni ile bahari ya Galilaya. Ni ziwa la urefu wa kilomita zipatazo 21, nalo liko chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 200, limezungukwa na vilima. Upepo hushuka kutoka vilimani kwa ghafula, na maji huchafuka upesi. Wanafunzi walipokaribia kuangamia, hawakuulizana ni nani huko Kapernaumu aliyewatumia dhoruba. Walimwamsha Bwana. Naye aliukemea upepo na bahari. Hakumkemea mjane wa mtu.

Kuna jambo moja zaidi. Tarehe 26 Desemba 2004, chini ya bahari karibu na Sumatra, nchi ilitetemeka kwa nguvu ya 9.1. Wimbi lililotoka huko si la upepo. Bahari yote, tangu chini hadi juu, ilisukumwa. Penye kina cha mita 4,000 wimbi kama hilo huenda kiasi cha kilomita 700 kwa saa. Watu zaidi ya 220,000 walikufa katika nchi nyingi, na majirani zetu Wasomali walipoteza watu kwa mamia. Kwetu Kenya wimbi lilifika baada ya saa nyingi, likiwa limepungua, na habari ilikuwa imetangulia. Watu waliondolewa fukweni. Aliyeripotiwa kufa pwani ya Kenya alikuwa mtu mmoja. Twamlilia huyo mmoja. Lakini twajifunza kwamba neno la kweli, likifika kabla ya wimbi, huokoa. Mungu aliyeyapa maji sheria zake ndiye aliyetupa sisi akili ya kuzijua na ulimi wa kuziambia.

Huenda mtauliza, yule mjane amekuwaje? Akina mama wa kanisa walikwenda kulala kwake kwa zamu, wawili wawili, kwa muda wa miezi miwili. Walipika huko, waliimba huko, na kila mpita njia alijua kwamba nyumba ile ina watu. Wako hata leo wasiomsalimu. Hatuwezi kuwaambia kwamba maneno yamekwisha. Shamba lile bado liko mbele ya wazee wapatanishi. Lakini yu hai, na Jumapili huketi upande wa kushoto, karibu na dirisha. Na yule baba aliyesema "Mimineni tena", ndiye sasa anayewapanga vijana safari ya bahari ikitokea. Hawaondoki kabla hajawaonyesha bati na mchanga.

Basi twawaomba mambo mawili wiki hii. Wachungaji, walimu na wazazi mnaokaa mbali na maji, wafundisheni watoto wenu habari za mkondo kabla hamjawaruhusu kwenda pwani. Na ninyi nyote, ikiwa kijijini kwenu kuna mtu mzee ambaye jina lake linanong'onwa, msingoje. Nendeni mkamjulie hali leo, mchana, watu wakiwaona.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyeiwekea bahari mipaka yake, twakushukuru kwa kuwa kazi zako zina utaratibu, nasi twaweza kuzichunguza na kuzijua. Utusamehe pale tulipofumba macho, na wengine wakaumia. Wafariji waliofiwa na watoto majini. Walinde wazee wetu usiku wa leo. Utupe moyo wa wale mabaharia walioinama kwenye makasia, tusije tukamwaga damu isiyo na hatia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.